Jan Dismas Zelenka, Mpiga Fidla Kubwa

Katika nchi ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Wacheki, pana mji mdogo uitwao Louňovice, karibu na mlima Blaník. Hapo alizaliwa Jan Dismas Zelenka mwaka 1679. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, tena mpiga kinanda kanisani. Basi mtoto alikua akisikia muziki kila siku.

Yapata mwaka 1710 alikwenda Dresden, mji wa Ujerumani, akaajiriwa na Augustus, mtawala wa Saxony, aliyekuwa pia mfalme wa Poland. Kazi yake ilikuwa kupiga violone, fidla kubwa yenye sauti nene. Mpiga chombo hicho hatazamwi sana na wasikilizaji. Walakini yeye ndiye ashikaye msingi, na sauti za juu zote humtegemea. Alipokaribia umri wa miaka 40 alikwenda Vienna, akakaa chini kama mwanafunzi mbele ya Johann Joseph Fux, bingwa wa kanuni za utungaji.

Aliporudi, yapata mwaka 1721, alitunga sonata 6 za sauti tatu: mbili za juu na moja ya chini. Msishangae mkiona wapigaji wanne au zaidi, kwa maana sauti ya chini huongezewa kinanda ili kuitegemeza. Desturi ya siku zile ilikuwa sauti za juu zishindane, na ile ya chini izifuate kama mtumishi. Zelenka aliijua sauti ya chini kwa mikono yake mwenyewe, wala hakukubali iwe mtumishi tu. Wapigaji wa oboe, yaani zumari nyembamba, aliwapa mafungu marefu hata hawapati nafasi ya kuvuta pumzi. Kisha mpiga fagoti, zumari nene, akampa mbio zile zile. Sauti moja huanza wazo, ya pili hulidaka, na ya tatu huingia nalo kutoka chini, hali zile mbili zingali zikienda. Mafundi wa leo huzihesabu sonata hizi kuwa mtihani mgumu.

Mkuu wa muziki wa Dresden, Heinichen, alikuwa mgonjwa, na Zelenka alimsaidia kazi ya kanisa. Heinichen akafa mwaka 1729. Mwaka 1733 Zelenka alimwandikia mtawala mpya kuomba cheo kile. Hakupewa. Alipewa Hasse, kijana aliyesifiwa kwa opera zake, na Zelenka akapata baadaye jina tu la mtungaji wa kanisa. Mtu mwingine angeweka kalamu chini. Yeye aliendelea, na baadhi ya misa zake kubwa alizitunga baada ya mwaka 1739. Alikufa Dresden mwezi wa Desemba 1745.

Johann Sebastian Bach alimheshimu, na mwanawe Wilhelm Friedemann alinakili Amina moja ya Zelenka. Lakini kazi zake zilinunuliwa na jumba la mfalme na kufungiwa humo, nao wengi wakamsahau kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 mpiga oboe Heinz Holliger na wenziwe walizirekodi zile sonata 6, zikasikika mbali. Karatasi alizoziandika Zelenka kwa mkono wake zingali Dresden.