Mama Aliyepanga Nyota

Usiku usio na mawingu, mnamo Januari, tunaona juu nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Karibu nazo, pasipoonekana kwa macho, kuna wingu la gesi na vumbi lenye umbo la kichwa cha farasi. Katika mawingu ya namna hiyo nyota huzaliwa.

Aliyeligundua ni Williamina Fleming, mwaka 1888, akichunguza picha iliyopigwa kwenye kioo. Alizaliwa Dundee, Uskoti, 1857. Huko Boston, Marekani, mumewe alimwacha na mimba, akawa mtumishi nyumbani kwa Edward Pickering, mkuu wa kituo cha nyota cha Harvard. Mwaka 1881 Pickering alimwajiri kituoni. Humo alipanga nyota zaidi ya 10,000 kufuatana na mwanga wake. Orodha ilitoka 1890 kwa jina la Pickering. Hata lile wingu lilihesabiwa kuwa lake.

Mama huyu alilalamikia mshahara wake, mdogo kuliko wa wanaume. Tunaona alikuwa na haki. Kwetu pia, akina mama wangapi hutunza hesabu za sadaka, kisha ripoti husomwa kwa jina la baba fulani?

Mwaka 1906 chama cha wanajimu cha London kilimpa uanachama wa heshima. Alifariki 1911, kwa nimonia.