Liyongo chini ya mkoma

Miongoni mwa mashujaa wote tunaowafundisha shuleni, hakuna aliyepunjwa na sisi walimu kuliko Fumo Liyongo. Mwanafunzi akiulizwa Liyongo alikuwa nani, hujibu mara moja kwamba alikuwa pandikizi la mtu, mwenye nguvu za ajabu, asiyedhurika kwa silaha yoyote, na kwamba aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba. Jibu hilo hupewa alama zote. Kwa maoni yangu linastahili nusu, kwa kuwa limeacha kazi aliyoijua mtu huyu kuliko watu wote wa zama zake. Liyongo alikuwa mpiga uta, na uta haupigwi kwa misuli peke yake.

Nayasema haya nikiwakumbuka hasa walimu na wanafunzi wa Garsen, Kipini, Ngao na Hola. Shujaa huyu ni wao kabla ya kuwa wa Lamu au wa vitabu vya mitihani. Masimulizi humweka Shaka na Ozi, pale Mto Tana unapoingia baharini, na wenyeji wa pande za Kipini huonyesha mahali panaposemekana kuwa ndipo alipozikwa. Wataalamu wametofautiana juu ya zama zake, wengine wakimrudisha nyuma ya mwaka 1200, wengine wakimsogeza karibu na 1600. Sitaingia katika mabishano hayo. Tunayo hadithi iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, tunao utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu wa mwaka 1913, na tunayo masimulizi ya Wapokomo ambayo hayamsifu sana. Yote yanamjua mtu mmoja.

Utenzi unaeleza kwamba Wagala, ambao leo twawaita Waorma, walifika Pate kufanya biashara, wakasikia sifa za Liyongo na kuomba wamwone. Alipokuja, alipuliza baragumu hadi zikapasuka, akafungua mkoba wake, akatoa kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Wageni waliogopa, kisha wakatamani mbegu yake, wakamwoza binti yao. Ndiyo maana mwana aliyekuja kumwua alikuwa Mgala kwa mama. Hapa darasa hucheka na kustaajabu, na mwalimu huridhika.

Lakini msomaji asonge mbele kidogo. Mfalme wa Pate, ambaye masimulizi mengine humtaja kwa jina la Daudi Mringwari, aliingiwa na hofu ya ufalme wake. Akawatumia ujumbe Wasanye na Wadahalo, wawindaji wa msituni, akawaahidi fedha wakimletea kichwa cha Liyongo. Hawa hawakuwa watu wa kubezwa. Wawindaji wa nyika ile ndio mabingwa wa uta katika pwani yote. Pinde za Wawaata, jamaa zao, zilipopimwa katika karne ya 20, zilihitaji mvuto wa zaidi ya ratili 100, sawa na pinde kubwa za vita za Waingereza wa kale, na kwa pinde hizo na sumu ya msunguti waliangusha ndovu.

Mabingwa hao wakabuni hila. Wakamwalika Liyongo kula kikoa cha makoma, kila mtu akipanda mkoma kwa zamu kuwaangulia wenzake. Zamu yake ikifika, naye akiwa juu ameshika shina kwa mikono miwili, wangemfuma kwa pamoja. Zamu ilipofika, Liyongo hakupanda. Alitwaa uta wake akayaangusha makoma kwa mishale, akiwa amesimama chini. Wakala, wakaenda zao, wakamwarifu mfalme kwamba kazi ile haiwezekani.

Kwangu mimi, hicho ndicho kilele cha maisha yake, kushinda hata kifo. Aliyewahi kusimama chini ya mkoma kando ya Tana anajua jinsi tunda lake lilivyo gumu na jinsi kichala kinavyokaa juu. Kulenga juu namna ile ndiko kunakowaumbua wanagenzi wote wa uta, nami nimewatazama vijana wengi wakijaribu. Kosa la kwanza ni kuinua mkono ulioshika uta huku kiwiliwili kimebaki wima. Mabega huachana na mstari wake, mvuto hupungua, na mshale huenda kombo. Fundi huweka mabega na mikono katika mstari uleule wa shabaha ya bondeni, kisha huinama kwa kiuno. Kosa la pili ni la hesabu. Kijana huona tunda liko mbali juu, akalenga juu zaidi ili kufidia, na mshale ukapita juu ya kilele. Uzito wa dunia huupinda mshale kwa kadiri ya masafa ya mlalo tu, na aliye karibu na shina masafa hayo ni hatua chache. Walimu wa fizikia wanaweza kuithibitisha habari hii ubaoni kwa dakika kumi.

Yako makosa mengine. Mwanagenzi huukamata uta kana kwamba utamtoroka, na kwa kuukamata huusokota, ilhali fundi huuegemeza tu kiganjani. Mwanagenzi huvuta upote kwa mkono, fundi huvuta kwa mgongo, mpaka mafupa ya mabega yanakaribiana. Mwanagenzi huvifungua vidole kwa kusudi, na upote ukayumba, fundi huvilegeza tu. Hata mshale wenyewe si fimbo iliyonyooka kama tunavyodhani, kwani ukiachiwa hujipinda na kuuzunguka uta kabla ya kunyooka tena njiani, na wano likiwa laini mno au gumu mno kwa uta ule, shabaha itapotea hata mikononi mwa bingwa. (Rafiki yangu mmoja anayecheza gofu kule Malindi aliniambia kwamba makosa haya ndiyo yaliyomtesa miaka yote: kukaba gongo, kutegemea mikono badala ya kiwiliwili, na kutaka kuunyanyua mpira badala ya kuliachia gongo lenyewe liunyanyue.) Nguvu huonekana, ufundi hauonekani, na ndiyo sababu wasimuliaji wetu wamekumbuka kinu na mchi wakasahau kiuno.

Yaliyofuata yanajulikana. Liyongo alikamatwa Pate, akafungwa. Mamaye akamtumia tupa ndani ya mkate wa wishwa mkononi mwa kijakazi Saada, naye akakata minyororo huku kelele za gungu zikiufunika mlio wa chuma. Alirudi msituni, na mwanawe akatumwa. Alipochomwa sindano kitovuni katika usingizi wa mchana, alitwaa uta, akaenda kisimani, akapiga goti na kuutia mshale, akafia hapo. Watu wakaogopa kuteka maji siku kadhaa. Wanafunzi huniuliza ni nguvu gani iliyomshika maiti wima. Mimi huwarudisha kwenye goti: huo ni mkao wa mtu aliyeurudia maelfu ya mara, na waliomwona kwa mbali waliutambua, wakajua hatari yake.

Mwalimu mmoja wa Garsen alinipinga. Alisema kwamba baada ya mauaji ya mwaka 2012 kati ya Wapokomo na Waorma, ambapo mishale ilitumika kwa kazi nyingine, si busara kuutaja uta darasani. Namheshimu, kwa kuwa yeye ndiye aliyewazika majirani. Hata hivyo, kunyamaza hakutawaondolea watoto habari za mishale. Kutawaachia mishale ya 2012 pekee, bila ile iliyoangusha makoma yakaliwa na wote, hata na wale waliokuja kuua.

Tena kuna jambo linalonikera kama mwanaisimu. Serikali ya kikoloni iliwafunga Wawaata wengi kwa ujangili katika miaka ya 1950, na Kenya ikapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Pinde zile kubwa hazitengenezwi tena kama zamani. Kidahalo, lugha yenye sauti za kidoko ambazo hakuna Mswahili azitamkaye katika maneno yake ya kawaida, kimebaki na wasemaji mia chache karibu na Witu na Mkunumbi. Wazee hao wana majina ya sehemu za uta na ya namna za kuushika ambayo Kiswahili sanifu hakina. Kalamu na daftari vinatosha kwa kazi hiyo, na wanafunzi wa Kipini wako karibu nao kuliko sisi wa vyuo vikuu.