Dkt Marcel Junod: Tabibu aliyeingia vitani bila bunduki

SEPTEMBA 8, 1945, mwezi mmoja na siku mbili baada ya bomu la atomiki kuuteketeza mji wa Hiroshima, ndege za jeshi la Marekani zilitua karibu na mji huo zikiwa zimesheheni tani 15 za dawa na vifaa vya tiba. Miongoni mwa walioshuka alikuwamo tabibu wa Uswisi mwenye umri wa miaka 41. Hakuwa na cheo chochote cha kijeshi, wala hapakuwa na serikali iliyomtuma. Alichokuwa nacho ni beji ya msalaba mwekundu na tajriba ya miaka kumi ya kusimama katikati ya watu wanaouana.

Huyo alikuwa Dkt Marcel Junod, daktari wa kwanza kutoka ng'ambo kufika Hiroshima na kuwahudumia majeruhi wa bomu hilo. Wajapani wanamkumbuka hadi leo. Katika pembe hii ya Afrika, ambako ndiko alikoanzia kazi yake, jina lake halitajwi sana, na hilo ni jambo la kusikitisha.

Junod alizaliwa Mei 14, 1904, mjini Neuchâtel, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti. Baba yake alifariki Junod akiwa kijana, na mama akalazimika kuihamishia familia Geneva, ambako alifungua nyumba ya kupangisha wageni ili kuwakimu wanawe. Masomo ya udaktari yalikuwa ghali kwa mjane wa aina hiyo. Aliyeokoa jahazi ni ami yake, Henri-Alexandre Junod, mmishonari aliyeishi miaka mingi Msumbiji na ambaye wasomi wa Afrika wanamfahamu kwa utafiti wake mkubwa kuhusu Watsonga. Kwa msaada wa ami huyo, kijana alihitimu mwaka wa 1929, kisha akajifunza upasuaji katika hospitali ya Mulhouse, upande wa pili wa mpaka nchini Ufaransa.

Alikuwa anaelekea kuwa daktari mpasuaji wa kawaida, mwenye zahanati yake na maisha ya utulivu. Hata hivyo, Oktoba 1935 Benito Mussolini aliamrisha majeshi ya Italia yaivamie Ethiopia. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yenye makao yake Geneva, ilihitaji daktari wa kutuma huko haraka. Junod alikubali, na Novemba mwaka huo akawasili Addis Ababa akiandamana na mjumbe mwenzake, Sidney Brown.

Shirika la Msalaba Mwekundu la Ethiopia lilikuwa ndio kwanza limeundwa mwaka huohuo wa 1935. Jeshi la Mfalme Haile Selassie halikuwa na huduma za matibabu za kutajika. Madaktari wa kujitolea kutoka Sweden, Uingereza, Norway, Uholanzi na kwingineko walikuwa wakimiminika nchini humo na magari yao ya wagonjwa, na kazi ya Junod ilikuwa kuwapanga, kuwatafutia njia na kuhakikisha kwamba pande zote mbili zinaiheshimu alama ya msalaba. Ni katika hili la mwisho ambapo aliambulia patupu.

Mnamo Desemba 6, 1935, ndege za Italia ziliushambulia mji wa Dessie, na hospitali iliyokuwa na alama ya msalaba mwekundu haikusalimika. Siku ya Desemba 30, kambi ya madaktari wa Sweden huko Melka Dida, kusini mwa nchi, ilirushiwa mabomu. Wagonjwa waliokuwa wamelala ndani ya mahema waliuawa, na mhudumu mmoja wa Sweden akafa kutokana na majeraha. Junod alisafiri kwa ndege kwenda kujionea uharibifu huo. Rubani wake alikuwa Carl Gustaf von Rosen, kijana wa ukoo wa makabaila wa Sweden ambaye baadaye angepata umaarufu katika vita vya Biafra, na ambaye kwa majaliwa ya ajabu aliuawa mwaka wa 1977 katika nchi iyo hiyo ya Ethiopia, wakati wa vita vya Ogaden.

Machi 1936 wawili hao walifika Korem, kaskazini, yalikokuwa makao ya Mfalme vitani. Huko ndiko Junod alikoona jambo ambalo hakulisahau maishani. Italia ilikuwa inanyunyiza gesi ya haradali kutoka angani, silaha iliyokuwa imepigwa marufuku na Itifaki ya Geneva ya 1925 ambayo Italia yenyewe ilikuwa imeitia sahihi. Gesi hiyo huchoma ngozi, macho na mapafu. Askari waliopigana bila viatu, na wanavijiji waliopita katika nyasi zilizolowa sumu, walilala uwandani wakiwa na vidonda vilivyofanana na vya moto, na daktari aliyesimama mbele yao hakuwa na dawa ya kuwatosha.

Ushahidi alikuwa nao, na aliupeleka kwa wakuu wake Geneva. Lakini Ligi ya Mataifa ilipoitaka Kamati iikabidhi taarifa ilizokuwa nazo kuhusu ukiukaji wa sheria za vita, Kamati ilikataa. Sababu yake ilikuwa kwamba, ikigeuka shahidi dhidi ya upande mmoja, upande huo utaifungia milango, na wanaoteseka ndio watakaoumia. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, ni vigumu kwa Mwafrika kuisoma historia hii bila kuuliza kama kimya hicho kingekuwa kirefu kiasi hicho iwapo waliochomwa na gesi wangekuwa raia wa taifa la Ulaya. Junod mwenyewe aliheshimu nidhamu ya kazi wakati huo, na baada ya vita vikuu akayasimulia aliyoyaona katika kitabu chake.

Addis Ababa ilianguka vibaya. Mfalme aliondoka Mei 2, na Waitalia wakaingia Mei 5. Katika siku hizo za katikati mji ulikuwa hauna mwenyewe. Maduka yaliporwa, nyumba zikachomwa, na Dkt John Melly, kiongozi wa madaktari wa Uingereza, akapigwa risasi alipokuwa akiokota majeruhi barabarani. Alifariki siku chache baadaye. Maelfu ya Waethiopia wengine walivuka mpaka, na baadhi yao wakaishia katika kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa Isiolo, humu nchini Kenya.

Junod alirejea Uswisi, lakini hakupumzika. Julai 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Uhispania. Alitumwa huko kwa majuma machache tu. Alikaa karibu miaka mitatu.

Uhispania ilimgeuza daktari kuwa mwanadiplomasia. Sheria za kimataifa za wakati huo zilihusu vita kati ya mataifa. Hazikusema lolote kuhusu ndugu wanaopigana ndani ya nchi moja. Mjumbe wa Geneva hakuwa na kifungu cha kumwekea jenerali mezani. Ilimbidi aende Madrid kuzungumza na serikali ya Jamhuri, kisha azunguke hadi Burgos kuwaona waasi wa Jenerali Francisco Franco, na kila upande ulimtazama kwa jicho la shaka kwa kuwa alikuwa anatoka kwa adui. Alichokuwa akiomba kilikuwa kidogo: majina ya wafungwa, ruhusa ya kuwatembelea, na kubadilishana mateka.

Mojawapo ya mafanikio yake ya mwanzo yalikuwa Bilbao, ambako aliishawishi serikali ya Wabasque iwaachilie wanawake zaidi ya 100 waliokuwa wamezuiliwa. Walisafirishwa kwa manowari ya Uingereza hadi Ufaransa. Upande wa pili ulipotakiwa kulipa wema huo, ulijivuta mno, na Junod akajikuta akidaiwa na Wabasque ahadi ambayo haikuwa mikononi mwake kuitimiza. Hayo ndiyo mateso ya mpatanishi yeyote. Anaweka rehani jina lake kwa niaba ya watu asioweza kuwaamrisha.

Jambo lililofaulu zaidi lilikuwa dogo kwa sura. Familia zilizotenganishwa na mstari wa vita ziliruhusiwa kuandikiana kadi fupi kupitia Msalaba Mwekundu, zenye habari za nyumbani tu, bila siasa. Takriban jumbe milioni 5 zilipita kwa njia hiyo. Kwa mama asiyejua kama mwanawe yu hai, kadi ya maneno machache ilikuwa na thamani kuliko hotuba zote za wakati huo.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza Septemba 1939, Junod alikuwa miongoni mwa wajumbe wachache mno wenye uzoefu ambao Kamati ilikuwa nao. Alipelekwa Berlin, akaingia katika kambi za mateka nchini Ujerumani, na baadaye akashughulikia meli za kupeleka chakula Ugiriki, ambako raia walikuwa wakifa njaa wakati wa majira ya baridi ya 1941 hadi 1942. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulimpa haki ya kuwaona mateka wa kijeshi. Raia waliofungiwa katika kambi za maangamizi hawakuwamo ndani ya mkataba huo, na Kamati ilishindwa kuwafikia. Aibu hiyo taasisi hiyo yenyewe imekuja kuikiri.

Juni 1945 alipewa kazi ya kuongoza ujumbe wa Japani. Ulaya ilikuwa tayari imetulia, lakini Asia bado inawaka. Ili kufika Tokyo ilimbidi apitie Cairo, Tehran na Moscow, avuke Siberia kwa gari la moshi, kisha ateremkie Manchuria. Huko aliwatembelea mateka wa ngazi ya juu, akiwemo Jenerali Jonathan Wainwright wa Marekani na Jenerali Arthur Percival wa Uingereza, waliokuwa mikononi mwa Wajapani tangu 1942. Alitua Tokyo Agosti 9, siku ile ile bomu la pili lilipoangushwa Nagasaki.

Kwa majuma kadhaa habari za Hiroshima zilikuwa za uvumi. Mwishoni mwa Agosti, mjumbe mwenzake Fritz Bilfinger aliufikia mji huo na kutuma simu ya maandishi iliyoeleza kwamba karibu mji wote umefagiliwa, hospitali zimekwisha, na wanaoonekana kupata nafuu wanakufa ghafla kwa maradhi yasiyoeleweka. Junod alizichukua taarifa hizo hadi katika makao ya Jenerali Douglas MacArthur na kuomba msaada. Wamarekani hawakutaka kuendesha shughuli hiyo wenyewe, lakini walikubali kutoa dawa kwa sharti kwamba Msalaba Mwekundu usimamie ugavi wake. Hizo ndizo tani 15 zilizotajwa hapo juu.

Alikaa Hiroshima kwa siku chache, akizunguka hospitali zilizoboreshwa ndani ya shule na magofu pamoja na Profesa Masao Tsuzuki, daktari wa Kijapani aliyekuwa amechunguza athari za mionzi kwa sungura tangu miaka ya 1920. Sasa Tsuzuki alikuwa akiyaona yale yale kwa binadamu. Junod hakuenda tu kukabidhi masanduku. Aliwatibu wagonjwa pamoja na madaktari wa hapo.

Wakati huo mkewe alikuwa Uswisi, na Oktoba 1945 alimzalia mtoto wa kiume. Baba alikuwa bado Japani, na hakurejea nyumbani hadi mwaka wa 1946.

Mwaka wa 1947 alichapisha kumbukumbu zake katika kitabu kilichoitwa kwa Kifaransa Le troisième combattant, yaani mpiganaji wa tatu. Jina hilo lilitokana na wazo lake kwamba vitani, kando ya majeshi mawili, daima kuna wa tatu asiyebeba silaha, ambaye vita vyake ni dhidi ya mateso yenyewe. Miaka miwili baadaye, Agosti 12, 1949, mataifa yalipitisha Mikataba minne mipya ya Geneva. Wa nne uliwalinda raia, na kifungu cha tatu, kilicho sawa katika mikataba yote, kikagusa vita vya ndani ya nchi. Silaha za kisheria alizozikosa Uhispania sasa zilikuwepo, ingawa kwake zilikuwa zimechelewa.

Mwaka wa 1948 UNICEF ilimpa jukumu la kuiwakilisha China, iliyokuwa ikitokota kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Afya ilimwangusha na akalazimika kuacha. Hakuweza tena kusimama kwa saa nyingi kama mpasuaji, basi akaanza upya, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, kusomea utaalamu wa dawa za nusukaputi. Mwaka wa 1953 hospitali kuu ya Geneva ilifungua idara ya fani hiyo chini ya uongozi wake.

Kamati haikumwacha. Alifanywa mwanachama wake mwaka wa 1952, na makamu wa rais mwaka wa 1959. Safari zake za mwisho zilimrudisha Japani wakati Wakorea waliokuwa wakiishi huko walipokuwa wakisafirishwa kwenda Korea Kaskazini chini ya uangalizi wa Msalaba Mwekundu. Zoezi hilo lililoanza Desemba 1959 lilihusisha watu takriban 93,000 hadi lilipokoma. Wakati huo lilionekana kuwa la huruma. Baadaye ilibainika kwamba wengi waliahidiwa maisha mema ambayo hawakuyakuta, na wanahistoria wameihoji vikali Kamati kwa kuidhinisha kwamba waliondoka kwa hiari.

Junod hakuishi kuusikia mjadala huo. Juni 16, 1961, akiwa na umri wa miaka 57, alikuwa chumba cha upasuaji mjini Geneva akimlinda mgonjwa aliyekuwa usingizini. Moyo wake ulisimama akiwa kazini.

Miongoni mwa karatasi zake yalipatikana maelezo aliyoyaandika kuhusu Hiroshima, nayo yakachapishwa mwaka wa 1982. Kabla ya hapo, Septemba 8, 1979, wakazi wa mji huo walikuwa wamezindua mnara wa mawe kwa heshima yake katika Bustani ya Amani. Kila Juni madaktari wa Hiroshima hukusanyika hapo na kuweka maua.