Tabibu wa Karema

Wasomaji wenzangu, wengi wetu hupita mbele ya Hospitali ya Dk. Atiman hapa Sumbawanga bila kuuliza Atiman alikuwa nani. Mimi niliuliza.

Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo sasa Mali, yapata mwaka 1866. Angali mtoto alinyakuliwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa, wakamsomesha Algeria, kisha utabibu huko Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 hivi!

Hapo ndipo ninapostaajabu. Mtu aliyeuzwa kama mbuzi angeweza kushinda akihesabu mabaya aliyotendwa, wala nisingemlaumu. Sidhani kwamba aliwasahau wazazi wake. Lakini naona kuwaza mema kwake hakukuwa maneno ya kujifariji, bali kazi ya kila siku: kufunga kidonda cha mtu asiye wa kabila lake, na kesho yake kukifungua akitazame tena. Na baadhi ya wagonjwa wale wa Karema ya zamani walikuwa watumwa waliokombolewa, kama yeye.