Maisha ya Daktari Theodor Bilharz

Mjomba wangu alilima mpunga Usukuma miaka mingi. Aliporudi kwetu Mabawe alikuwa akikojoa damu. Watu walisema amerogwa, lakini daktari alikuta kansa ya kibofu, akatueleza kuwa ilianzia kwenye kichocho cha zamani. Tulipokwisha kumzika nilitaka kujua ni nani aliyemgundua mdudu huyo.

Theodor Bilharz alizaliwa tarehe 23 Machi, 1825, katika mji wa Sigmaringen, Ujerumani. Alisomea uganga, na mwaka 1850 akafuatana na mwalimu wake Griesinger mpaka Misri, akafanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo. Siku zile Wamisri wengi walikojoa damu, na hapana aliyejua sababu. Bilharz alikuwa akipasua maiti na kuchungua. Mwaka 1851, katika mshipa upelekao damu kwenye ini, aliona minyoo midogo myeupe. Akaitazama kwa hadubini: dume ana mfereji mwilini, na jike, mwembamba kama uzi, amelala humo. (Nilipoona picha yake nilicheka, ingawa tulikuwa bado katika matanga.) Mwaka uliofuata alikuta mayai yake katika kibofu, akatambua damu ile inatoka wapi.

Habari ya konokono hakuijua. Kule Misri ilionyeshwa na Leiper mwaka 1915. Wala ya kansa. Hiyo aliiandika Ferguson, huko huko Cairo, mwaka 1911. Wataalamu wa leo wanaeleza hivi: mayai yenye mwiba hukwama katika ukuta wa kibofu na kuleta vidonda miaka na miaka. Chembe za mwili huzaana bila kupumzika ili kuziba vidonda, na katika kazi hiyo hukosea kunakili maagizo ya urithi, hata nyingine zikawa hazijui tena kuacha kuzaana. Hiyo ndiyo kansa.

Bilharz hakuzeeka. Mwaka 1862 alisafiri na mtawala mmoja wa Kijerumani mpaka Massawa, pwani ya Eritrea, akashikwa na homa kali, akafa Cairo tarehe 9 Mei, umri wake miaka 37.

Mimi nami niliwahi kuoga katika maji yale ya mpunga, nilipomtembelea mjomba wakati wa likizo. Muhula huu nilipeleka mkojo wangu hospitali. Mayai yalionekana, nikapewa vidonge vya prazikwanteli nikavimeza. Nimewaandikia binamu zangu walio bado kule shambani wakapimwe, lakini mpaka gazeti hili linakwenda kupigwa chapa sijapata jibu.