Anne Sullivan: Mwanafunzi aliyechekwa darasani, kisha akawa mwalimu wa Helen Keller

Mwezi Oktoba mwaka 1880, msichana wa miaka 14 aliingia katika Shule ya Wasioona ya Perkins mjini Boston, Marekani. Macho yake yalikuwa mabovu, na hakujua kuandika hata jina lake. Wenzake walimcheka. Alikuwa na hasira za karibu na ulimi mkali, kiasi kwamba zaidi ya mara moja ilibaki kidogo tu afukuzwe.

Msichana huyo ni Anne Sullivan. Huenda umewahi kusikia habari za Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia aliyesoma hadi chuo kikuu. Anne ndiye aliyekuwa mwalimu wake.

Anne alizaliwa tarehe 14 Aprili 1866 katika kijiji cha Feeding Hills, jimbo la Massachusetts, kwa wazazi maskini waliohamia kutoka Ireland. Angali mdogo alishikwa na trakoma, ule ugonjwa wa macho unaoitwa pia vikope, ambao wasikilizaji wetu wa Kongwa na Turkana wanaufahamu vizuri. Huenezwa na nzi, mikono michafu na vitambaa vya kuchangia, na usipotibiwa hupofusha. Mama yake alifariki, baba akashindwa kulea. Mwaka 1876 Anne na mdogo wake Jimmie walipelekwa katika nyumba ya serikali ya kutunzia maskini huko Tewksbury. Miezi michache baadaye Jimmie akafariki.

Anne alibaki pale miaka minne bila kuona darasa. Siku moja wakaguzi walipotembelea nyumba hiyo, aliwafuata na kuwalilia apelekwe shule. Wakakubali. Hivyo ndivyo alivyofika Perkins, akafanyiwa upasuaji wa macho uliomrudishia uwezo wa kusoma kwa shida, na mwaka 1886 akahitimu akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Kazi aliyoipata ilikuwa mbali, katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama. Familia ya Kapteni Keller ilitafuta mwalimu wa binti yao Helen, ambaye ugonjwa ulimnyang'anya kuona na kusikia akiwa na miezi 19. Anne alifika tarehe 3 Machi 1887. Alikuwa na miaka 20 na hakuwahi kufundisha. Helen alikuwa karibu kutimiza miaka saba.

Mtoto aliyemkuta alikuwa hajui kukatazwa. Mezani alizunguka akichota chakula kwa mikono kwenye sahani za watu. Alipiga teke na kufinya. Katika siku hizo za kwanza alimfungia mwalimu wake chumbani na kuficha ufunguo, mpaka Kapteni Keller akaleta ngazi na kumtoa Anne dirishani. Asubuhi moja Anne aliwatoa wazazi nje ya chumba cha kulia, akafunga mlango, akabaki na Helen mpaka mtoto akala kwa kijiko na kukunja kitambaa chake. Ilichukua muda mrefu, kwa makofi na kulia. Baada ya hapo Anne alikwenda chumbani kwake, akajitupa kitandani na kulia yeye.

Aligundua kwamba tatizo halikuwa kwa mtoto peke yake. Kila Helen alipolia, wazazi walimpa anachotaka kwa kumwonea huruma. Walimu wengi wanalijua hilo: unachojenga asubuhi darasani, nyumbani kinabomolewa jioni. Anne aliomba ahamie na Helen katika nyumba ndogo karibu na ile kubwa. Wakakaa humo kama wiki mbili. Baba alichungulia tu dirishani.

Wakati wote huo alikuwa akimwandikia Helen maneno kiganjani kwa herufi za vidole. Helen aliyaiga haraka, lakini kama kasuku. Alichanganya neno la kikombe na neno la maji, na Anne alirudia na kurudia bila mafanikio. Tarehe 5 Aprili 1887 alimpeleka kwenye pampu ya kisima. Maji yakimwagika mkono mmoja wa Helen, Anne aliandika neno maji katika mkono wa pili. Hapo mtoto akasimama kimya. Alikuwa ameelewa kwamba kila kitu kina jina. Kabla ya usiku alikuwa amejifunza maneno kama 30.

Habari za pampu husimuliwa sana. Mimi naona kilichofuata kina faida zaidi kwa mwalimu wa kawaida. Anne alimtazama mtoto mdogo wa ndugu wa Helen, mwenye miezi 15, akaona kwamba hakuna anayemkalisha chini kumfundisha kusema, ila huongea naye kutwa nzima. Akaachana na ratiba yake ya vipindi. Akaanza kuzungumza na Helen kiganjani kwa sentensi kamili, shambani, bustanini, kando ya mto. Jiografia alimfundisha kwa kujenga mabwawa na visiwa vya udongo, na hesabu kwa kutunga shanga.

Mwalimu mwenye wanafunzi 90 atasema, na ana haki, kwamba Anne alikuwa na mmoja tu. Lakini udongo haununuliwi, na mwalimu huyo naye anaweza kukagua kama ni mtoto aliyeshindwa somo au ni njia ya kulifundisha.

Kazi hiyo ilimgharimu. Kapteni Keller alipoishiwa fedha, mshahara ulikoma. Mwaka 1892 Helen alishukiwa kunakili hadithi ya mwandishi mwingine. Kamati ya walimu huko Perkins ilimhoji mtoto wa miaka 11 peke yake, Anne akiwa ametolewa nje, na wapo walioamini kwamba mwalimu ndiye aliyedanganya. Baadaye, Helen aliposoma Chuo cha Radcliffe kuanzia mwaka 1900, Anne alikaa naye kila darasa akimwandikia mihadhara kiganjani, na usiku akimsomea vitabu kwa macho yaleyale yaliyokatazwa kuchoshwa. Mwaka 1904 Helen alipata shahada. Anne hakupata kitu siku hiyo.

Aliolewa mwaka 1905 na mwandishi John Macy, na ndoa haikudumu. Macho yalizidi kufifia mpaka akawa haoni kabisa. Ikambidi ajifunze upya kusoma maandishi ya nukta nundu, na safari hii Helen ndiye aliyekuwa mwalimu. Anne alifariki tarehe 20 Oktoba 1936 huko New York, akiwa na miaka 70. Helen alikuwa ameushika mkono wake.