Ferdinand Braun na Umeme wa Njia Moja

Ferdinand Braun alizaliwa tarehe 6 Juni, 1850, mjini Fulda, Ujerumani. Mwaka 1874 alikuwa mwalimu wa shule huko Leipzig, naye alichunguza jinsi umeme upitavyo katika madini. Alichukua kipande cha madini, akakigusisha ncha ya waya. Akaona ajabu: umeme ulipita kwa urahisi upande mmoja, lakini ulipogeuzwa ulizuiwa. Jambo hilo lilipingana na kanuni ya Ohm, na Braun mwenyewe hakuweza kueleza sababu yake.

Huenda jambo hilo hilo limo katika paa la nyumba yenu. Tuseme unakaa Boko, kaskazini ya Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari una chumvi. Misumari ya mabati hulegea na kushika kutu. Hapo chuma hugusana na chuma kupitia kutu, na kutu hiyo huweza kupitisha umeme upande mmoja zaidi ya mwingine, kama madini ya Braun. Ikiwa karibu nanyi pana mlingoti wa kurushia matangazo, mabati hupokea mawimbi yenye nguvu, huyabadili, kisha huyarusha upya. Mawimbi ya mlingoti yakitetema mara 600,000 kwa sekunde, mabati huzaa mengine yatetemayo mara 1,200,000. Ndipo redio yako husikika matangazo ya kituo hicho mahali pasipo pake, au hukwaruza kila upepo utikisapo paa. Usiilaumu redio! Fundi (si wewe, usipande darini) akikwangua kutu na kukaza misumari, sauti husafika.

Baadaye madini ya namna ile yalitumika katika redio za kwanza, ambazo hazikuhitaji betri. Braun aliitengeneza upya mitambo ya kurushia mawimbi ili yafike mbali zaidi, na mwaka 1909 yeye na Marconi walipewa pamoja Tuzo ya Nobel.

Vita vikaja. Tarehe 8 Agosti, 1914, manowari ya Kiingereza Astraea ilikipiga mizinga kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani hapa Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka huo Braun, akiwa mgonjwa, alisafiri kwenda Marekani kutoa ushahidi katika kesi ya kituo cha Kijerumani cha Sayville. Vita vikamzuia kurudi kwao. Alifariki Brooklyn, New York, tarehe 20 Aprili, 1918, kabla vita havijakwisha.